Thomas Willis na Maumivu Yasiyoonekana kwenye Picha

Wanachuo wenzangu, muhula uliopita nilikosa mtihani mmoja na kuvuruga mwingine kwa sababu ya kichwa. Najua wengi mnacheka nikisema hivyo, maana kichwa kinamuuma kila mtu, hasa wiki ya mitihani na bumu limeshakata. Lakini changu si hicho. Chenyewe huanza saa nane usiku, karibu kila usiku kwa wiki sita au saba mfululizo, upande wa kulia tu, nyuma ya jicho. Jicho linakuwa jekundu na kutiririka machozi, kope linashuka, tundu la pua la upande huohuo linaziba. Kulala siwezi, kukaa siwezi. Natembea korido ya hosteli huku na huku, mara nyingine nagonga paji la uso ukutani. Baada ya saa moja na kitu kinaondoka chenyewe, kama hakikuwepo. Wiki hizo zikiisha nakaa karibu mwaka mzima bila chochote.

Nilipigwa picha ya kichwa. Ikarudi safi, hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja. Mnaweza kudhani nilifurahi. Nilifurahi siku moja tu. Baada ya hapo picha ile ikageuka kuwa ushahidi dhidi yangu. Kwenye ofisi niliyopeleka fomu ya kuahirisha mtihani niliambiwa kwamba ripoti haionyeshi ugonjwa, kwa hiyo hakuna cha kuahirishia. Jamaa wa chumba cha jirani walisema nazuga. Rumeti wangu, ambaye ni mtu mwema, alianza kuniombea usiku kimyakimya, akidhani ni mambo ya kwetu.

Mtu wa kwanza kunipa jina la kitu hiki alikuwa daktari ambaye hakuigusa kabisa ile picha. Aliniuliza kinaanza saa ngapi, kinadumu dakika ngapi, na kikianza je, nalala au natembea. Nilipomwambia natembea, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari anayoijua. Haya ni maumivu ya kichwa ya klasta, yaani yale yanayokuja kwa makundi. Humpata takriban mtu mmoja katika kila elfu moja. Shambulio moja hudumu kati ya dakika 15 na saa tatu, na siku mbaya yanaweza kuwa mashambulio manane.

Nasoma udaktari, mwaka wa pili. Wiki chache baada ya siku ile tulikuwa chumba cha anatomia, ubongo uko mezani umegeuzwa chini juu, na mwalimu akatuonyesha duara la mishipa ya damu chini yake linaloitwa mzingo wa Willis. Kila mmoja wetu alilikariri kwa ajili ya mtihani. Mimi nikajiuliza huyu Willis alikuwa nani, nikaingia maktaba. Nilichokikuta ni maisha ya mtu aliyeutazama ubongo kwa makini kuliko wote waliomtangulia, na ambaye alikutana na tatizo lilelile nililokutana nalo mimi kule ofisini. Naomba niwasimulie.

Thomas Willis alizaliwa tarehe 27 Januari 1621 katika kijiji cha Great Bedwyn, kusini mwa Uingereza. Kwao walikuwa watu wa shamba, si masikini wa kutupwa wala si matajiri. Alipofika Chuo Kikuu cha Oxford aliingia kwa mlango ambao wengi wetu tungeuelewa, wa kusoma huku unatumika. Alikuwa mtumishi wa padri mmoja wa Christ Church, na mke wa padri huyo alikuwa akitengeneza dawa na kutibu watu nyumbani. Inasemekana kijana Willis alimsaidia kutwanga na kuchanganya, na hapo ndipo ladha ya uganga ilipomwingia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1639 na ya pili mwaka 1642. Alikuwa na kigugumizi. Nalitaja hili kwa sababu chuoni tunadhani mtu anayejua ni yule anayeongea bila kukwama.

Mwaka 1642 Uingereza iliingia vitani yenyewe kwa yenyewe, Bunge upande huu na Mfalme Charles upande ule. Mfalme aliifanya Oxford kuwa makao yake, na mji wa chuo ukajaa askari, farasi, kinyesi na chawa. Mwaka 1643 homa ya kambini ikazuka na kuua askari na raia. Baba yake Willis alikuwa miongoni mwa waliofariki. Kijana akashika silaha upande wa mfalme. Oxford iliposalimu amri mwaka 1646 upande wake ulikuwa umeshindwa, naye alikuwa na miaka 25, hana baba, hana mlinzi. Mwaka huohuo akapewa shahada ya udaktari. Mafunzo yake yalikuwa mafupi mno kwa kipimo cha wakati ule, kipindi ambacho wenzake walikaa miaka na miaka wakisoma maandishi ya Galen, mganga wa kale ambaye wachache tu walithubutu kumpinga. Pengine ndiyo bahati yake. Alikuwa na machache ya kusahau.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kuhangaika. Wateja wa maana hawakuwepo, basi siku za gulio alikwenda mji wa Abingdon kutafuta wagonjwa wa kijijini. Farasi hakuwa naye wa peke yake, alimiliki mmoja kwa ubia na mwenzake, wakampanda kwa zamu. Gulioni watu walimletea mkojo kwenye chupa, yeye akautazama rangi, akaunusa, akasema ugonjwa. Wasomi waliwacheka madaktari wa aina hiyo kama manabii wa mikojo. Lakini gulioni ndiko alikojifunza jambo ambalo chuo hakikumfundisha, nalo ni kumsikiliza mkulima akieleza ugonjwa wake mwenyewe, ulianza lini, unakuja vipi, unaondoka vipi. Aliandika habari za wagonjwa kwenye daftari, na daftari lake la mwaka 1650 limedumu hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1650 likatokea jambo lililomfanya ajulikane. Kulikuwa na mtumishi wa ndani, Anne Greene, mwenye umri wa miaka kama 22. Alipata mimba ya mjukuu wa mwenye nyumba, na mtoto akatoka kabla ya wakati, amekufa. Binti akashtakiwa kwa kuua, akahukumiwa, na tarehe 14 Desemba akanyongwa Oxford hadharani. Alining'inia karibu nusu saa, marafiki zake wakimvuta miguu ili asiteseke zaidi. Kwa sheria za wakati ule maiti za walionyongwa zilipewa madaktari wazipasue, basi jeneza likapelekwa nyumbani kwa William Petty, mwalimu wa anatomia. Petty na Willis walipofika na kulifungua, wakasikia mkoromo kooni. Wakaweka visu chini. Wakamkalisha, wakamsugua mikono na miguu, wakampa vinywaji vya moto, wakamlaza kitandani na mwanamke mwingine ampashe joto. Kesho yake Anne akaanza kusema. Akasamehewa, akaolewa, akazaa watoto watatu.

Jambo hili nimelifikiria sana. Mahakama ilikuwa imeandika amekufa. Mnyongaji alisema amekufa. Karatasi zote zilikuwa sawasawa. Hao madaktari wawili waliamini mkoromo kuliko karatasi.

Miaka iliyofuata nchi ilitawaliwa bila mfalme, na ibada za Kanisa la Uingereza kwa utaratibu wa zamani zilipigwa marufuku. Willis hakuacha. Nyumba yake, Beam Hall, ikawa mahali pa kusali kwa siri. Alioa Mary Fell mwaka 1657, binti wa aliyekuwa mkuu wa Christ Church. Mfalme aliporudi mwaka 1660, uaminifu ule ukalipwa, na Willis akafanywa profesa wa falsafa ya asili hapo Oxford. Kazi yake rasmi ilikuwa kueleza Aristotle. Yeye akafundisha ubongo. Kati ya waliokaa kumsikiliza na kuandika alikuwemo John Locke, ambaye baadaye vyuo vyote vya siasa duniani vingemsoma. Robert Hooke, mtu wa hadubini, naye aliwahi kuwa msaidizi wake.

Hapa lazima nieleze ubongo ulivyofundishwa kabla yake. Kwa zaidi ya miaka elfu wasomi waliamini kwamba akili inakaa kwenye mashimo yaliyo katikati ya ubongo, yale yenye maji. Nyama yenyewe ya ubongo ilionekana kama godoro la kuyafunika. Tena waliupasua ukiwa bado ndani ya fuvu, wakiukata vipande kutoka juu kushuka chini, kama mkate, kwa hiyo kufika chini kabisa kila kitu kilikuwa kimeshavurugika. Willis na kijana wake Richard Lower walifanya kinyume. Walikata mishipa kutoka chini, wakautoa ubongo wote mzima, wakaugeuza. Ndiyo maana ubongo wetu mezani ulikuwa chini juu. Tunafuata mkono wake bila kujua.

Ulipogeuzwa, mambo yakaonekana. Mishipa ya fahamu inayotoka jozi kwa jozi, shina la ubongo, na lile duara la mishipa ya damu. Wengine walikuwa wameshaliona duara hilo, hata kulichora kwa sehemu. Yeye aliuliza linafanya kazi gani. Walipiga kwa bomba kimiminika chenye rangi kwenye mshipa mkubwa wa shingo wa upande mmoja, na rangi ikatokea mpaka upande wa pili. Kisha wakakutana na maiti ya mtu aliyekufa kwa uvimbe wa tumboni. Mshipa wake mmoja mkubwa wa damu upande wa kulia ulikuwa umeziba kabisa, ilhali alipokuwa hai hakuwahi kuonyesha dalili ya kupooza. Mshipa mwingine wa upande huohuo ulikuwa umenenepa kuliko kawaida, ukibeba mzigo wa mwenzake. Willis akaelewa kwamba duara ni njia ya dharura, barabara moja ikifungwa damu inapita nyingine. Akaelewa na jingine, kwamba umbo la ubongo na mishipa yake si kitu kilichochongwa mara moja. Maisha ya mtu yanaweza kulibadilisha.

Mwaka 1664 kitabu chake cha anatomia ya ubongo, Cerebri Anatome, kikatoka kwa Kilatini. Michoro mingi ilichorwa na Christopher Wren, yuleyule aliyekuja kujenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo jijini London. Katika kazi hiyo Willis alibuni neno ambalo leo liko kwenye milango ya hospitali, neurolojia. Aliiondoa kumbukumbu kwenye yale mashimo ya maji akaiweka kwenye mikunjo ya juu ya ubongo. Mengi aliyoyasema kuhusu kazi ya kila sehemu hayakuwa sahihi, na alidhani neva zimejaa roho fulani nyepesi zinazokimbia kama miali ya mwanga. Hata hivyo swali lake lilikuwa sahihi, yaani ukitaka kujua kwa nini mtu anaugua hivi, tafuta ni sehemu gani ya ubongo iliyohusika.

Swali hilohilo ndilo lililogonga mwamba alipofika kwenye maumivu ya kichwa.

Mwaka 1672 alichapisha kitabu kingine, De Anima Brutorum, kuhusu roho ya wanyama na magonjwa ya ubongo, na katika sehemu ya magonjwa alianza na kichwa. Alisema ubongo wenyewe hauumi. Kinachouma ni tando zinazoufunika, na akaeleza kwamba damu ikijaa na kutanua mishipa, tando hizo huvutwa na mtu akasikia kama anapasuliwa. Madaktari wa karne ya ishirini walilirudia wazo hilo kwa muda mrefu sana. Alitenganisha pia maumivu yasiyokoma na yale yanayokuja na kuondoka kwa vipindi. Aina yangu ilikuwepo zama zake. Kule Amsterdam, mwaka 1641, Nicolaes Tulp, yule daktari wa kwenye picha maarufu ya Rembrandt, alikuwa ameandika habari za mtu aliyeumwa kichwa mwanzo wa kiangazi, kila siku saa ileile, kwa muda usiozidi saa mbili. Niliposoma mistari hiyo nilifunga kitabu kwanza.

Mgonjwa wa kichwa aliyemsumbua Willis kuliko wote alikuwa mwanamke mwenye cheo, Lady Anne Conway. Maumivu yalimwanza akiwa na miaka kama 12 baada ya homa, yakamfuata maisha yake yote. Yanavyoelezwa, yake hayakuwa klasta, wengi leo wanayaita kipandauso kikali. Alikuwa mwanafalsafa, kwenye nyakati ambazo mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga chuo. Alijisomea kwa barua. Akiwa kitandani kwenye chumba cha giza aliandika kitabu kilichochapwa Amsterdam mwaka 1690, miaka kumi na moja baada ya kifo chake, bila jina lake, na Leibniz mwenyewe alikiheshimu.

Kila aliyekuwa na jina alimjaribu. William Harvey, aliyegundua mzunguko wa damu, alimwona. Alipewa zebaki ikakaribia kumuua. Mwaka 1656 alivuka kwenda Ufaransa akiwa tayari kutobolewa fuvu. Waganga wa huko hawakuthubutu, wakaishia kumfungua mishipa ya damu. Alikuja pia mganga kutoka Ireland aliyeponya watu kwa kuwapapasa, akampapasa, hakuna kitu. Willis naye alijaribu yake, akashindwa kama wengine.

Kilichonigusa ni namna alivyoandika kushindwa huko. Hakulitaja jina lake, alimlindia heshima. Alieleza miaka zaidi ya ishirini ya mateso, dawa moja baada ya nyingine, na kwamba hakuna hata moja iliyosaidia. Alieleza pia kwamba akili ya mgonjwa ilibaki safi na kali. Hakuna mahali aliposema mama huyu anadeka, au kwamba kwa kuwa yeye, bingwa wa ubongo wa Ulaya nzima, hajaona sababu, basi sababu haipo.

Sasa, nisije nikamgeuza malaika. Katika kitabu hichohicho aliwashauri watu wanaowatunza wenye wazimu watumie vitisho, pingu na hata kipigo. Mke wa mtukufu aliaminiwa na kulindiwa jina, na mwehu asiye na mtu akaandikiwa fimbo. Maiti alizopasua nyingi zilikuwa za watu wasiokuwa na wa kuwatetea, kama Anne Greene. Kwa hiyo najua kwamba hata macho mazuri kama yake yalichagua ya kumwona. Ninalisema kwa sababu hapa chuoni nimeona pia kwamba mtoto wa mtu fulani akiumwa kichwa, fomu inapita.

Mwaka 1667 alikuwa ameshahamia London, St Martin's Lane, akawa daktari mwenye wateja wengi kuliko wote mjini. Yule aliyemiliki nusu ya farasi sasa alikuwa tajiri. Mke wake alifariki mwaka 1670, baada ya watoto wao kadhaa kutangulia, na baadaye akaoa tena. Chupa za mkojo hazikumtoka akilini, na katika kitabu chake cha mwisho cha dawa alieleza kwamba mkojo wa baadhi ya wanaokojoa sana ni mtamu kama asali, tofauti na wengine. Hilo wataalamu wa kisukari wanalikumbuka mpaka leo. Katika kazi hiyohiyo alisema wagonjwa wengine angependa kuwapeleka mkahawani wakanywe kahawa kuliko kuwapeleka duka la dawa. Tarehe 11 Novemba 1675 alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 54. Akazikwa Westminster Abbey. Lady Conway alikuwa bado hai, bado anaumwa, akafuata mwaka 1679.

Swali lake lilisubiri zaidi ya miaka mia tatu. Mwaka 1998, London, Arne May na Peter Goadsby pamoja na wenzao waliwapiga picha ya utendaji wa ubongo wagonjwa wa klasta wakati shambulio likiendelea. Sehemu ndogo chini ya ubongo, upande wa maumivu, ikaonekana inafanya kazi kuliko kawaida. Ni eneo la haipothalamasi, kitu cha ukubwa wa karanga kinachoendesha saa ya mwili, usingizi, njaa na joto. Hapo ndipo ile saa nane usiku ilipoanza kueleweka. Mwaka uliofuata waliwalinganisha wagonjwa 25 na watu wazima wa afya 29 kwa picha za MRI, wakihesabu kwa kompyuta ujazo wa kila eneo. Palepale, kwenye haipothalamasi, wagonjwa walikuwa na maada ya kijivu zaidi. Kwa jicho la kawaida picha za watu hawa zingesomwa kuwa safi, kama yangu.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Nyingine hazikuona tofauti kwenye eneo hilo, nyingine ziliona sehemu ya mbele ya haipothalamasi ndiyo kubwa, nyingine zikaona mabadiliko kwenye maeneo mengine yanayopokea maumivu, tena yanayotofautiana kati ya kipindi cha mashambulio na kipindi cha kimya. Na swali gumu liko wazi, je, umbo hilo ndilo linaloleta maumivu, au maumivu ya miaka ndiyo yanayolijenga, kama ule mshipa wa Willis ulionenepa kwa kubeba mzigo wa mwenzake? Hakuna daktari anayepima klasta kwa kipimo hicho leo. Picha ya kawaida inapigwa ili kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine uliojificha, na hiyo ni kazi ya maana, msiikimbie. Ila klasta yenyewe bado inatambuliwa kwa njia ya gulio la Abingdon, yaani kumuuliza mgonjwa na kumsikiliza.

Kwangu mambo yamekuwa nafuu. Kuna dawa ya kumeza kila siku ya kuzuia mashambulio, ambayo lazima iende pamoja na kupima moyo, na shambulio likianza, oksijeni safi kwa kasi kubwa kupitia barakoa huwasaidia wengi ndani ya dakika 15. Panadol haifanyi chochote, nimezimeza za kutosha, na kuendelea kuzimeza hovyo ni kujitafutia tatizo jingine. Mwenye dalili kama zangu asijitibu hosteli, amwone daktari, na aende na maandishi ya siku, saa na dakika. Kichwa kinachokuja ghafla kwa mara ya kwanza katika maisha yako, kikali kupita vyote, au chenye homa na shingo ngumu, hicho ni cha kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Ombi langu ni kwa serikali yetu ya wanafunzi, hasa wizara ya afya. Tunapokaa na uongozi kujadili taratibu za mitihani, fomu ya kuahirisha ikubali maelezo ya daktari aliyemsikiliza mgonjwa, hata kama picha iko safi. Wako wenzetu wenye kipandauso, wako wenye selimundu ambao maumivu yao hayaonekani kwa macho, wako wenye sonona. Wanafanya sapu kwa sababu hawana cha kuonyesha.

Sapu yangu nimeifanya mwezi uliopita. Swali la nne lilitaka tuchore mzingo wa Willis na kueleza faida yake. Nilichora, nikaeleza, nikaongeza habari ya yule mtu aliyezibika mshipa upande wa kulia. Alama hazikuongezeka kwa hilo, lakini nimefaulu.